MASHINE INASEMA SURA HII SIYO YANGU!!

Intaneti ndiyo kwanza imerudi huku Uganda, walikata tangu Jumanne, kwa hiyo hasira zangu zimelala lakini hazijapoa. Sitaji mtu. Mnawajua.

Alhamisi ya kura nimejihimu, niko mbele kabisa ya foleni. Kidole kwenye mashine ya kuhakiki wapiga kura, kimekataa. Cha pili, kimekataa. Kijana wa mashine eti, "Mama, tujaribu uso." Kaninyooshea kidude, kakitazama, kanitazama, kakitazama tena, halafu kwa sauti ya mnadi wa mitumba: "HUYU SIYE WEWE."

Siye mimi! Mbele ya wakwe! Sura hii wanaonidai wanaitambua usiku, umeme umekatika, nimejifunika kanga mpaka puani!

Eti vua kilemba. Nikavua. Eti futa jasho. Nikafuta. Eti kaa kama kwenye picha ya kujiandikisha. Wakati ule nilikuwa na mashavu, sasa niyaazime kwa nani?

Mbwembwe zote zile, oo, hakuna atakayepiga kura ya mwenzake. Sawa, na ya kwangu mwenyewe? Jua limepanda ndipo ikaja amri turudi kwenye daftari la karatasi. Karatasi ikanijua papo hapo. Lakini "huyu siye wewe" nimeshaambiwa, na watoto wa mtaani ndiyo salamu yao kwangu.

Mpakani: Pole dada. Tuma picha tuhakikishe na sisi.

MzeeFitina: Mashine msiionee. Kwa wanja ule hata mumeo anabahatisha.

FundiRedio: Kidude kinalinganisha uso na picha iliyomo. Jua likiwa mgongoni kwako kinaona kiza tu. Angekugeuza.

Mwenye uzi: Kwa hiyo kosa ni la JUA? Kijana alisema HUYU SIYE WEWE, jua halikusema kitu!

Mpakani: Museveni mwenyewe alisema vidole gumba vyake vilikataliwa, uso ndio ukapita.

MzeeFitina: Uso uliobandikwa kila nguzo ungekosaje kupita?

Shangazi254: Nyinyi mna nafuu. Huku Kenya mamangu vidole vimeliwa na jembe, kila uchaguzi anajaziwa Fomu 32A, ile ya waliokataliwa na mashine, kama mshukiwa. Na sasa wanaojiandikisha wanapigwa picha hadi mboni za macho.

KijanaWaTemeke: Kura ni mara moja kwa miaka mitano. Mimi LAINI YA SIMU! Kidole kimekataa, mwenye kibanda eti nikaoshe na ndimu.

FundiRedio: Ndimu inasaidia, inatoa mafuta.

Shangazi254: Majivu ndiyo dawa.

Mwenye uzi: Jamani, uzi huu ni wa sura yangu.

MzeeFitina: Thibitisha kwanza kama ni wewe.

KijanaWaTemeke: Nimeosha na ndimu. Laini haijasajiliwa, na kidole kilikuwa na kidonda, nalia hapa.

Shangazi254: Si nilisema majivu?