Mwenzi wa mfanyakazi mgeni kujiajiri Tanzania Bara

Swali: Mimi ni Mkenya, na mume wangu ameajiriwa Dar es Salaam. Je, hati ya mtegemezi inaniruhusu kufungua saluni?

Jibu: Hapana, dada. Hati hiyo inakuruhusu kuishi na mumeo tu. Kazi yoyote, hata ya kujiajiri, inahitaji kibali chako mwenyewe kutoka kwa Kamishna wa Kazi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015, pamoja na kibali cha ukaazi cha Uhamiaji.

Jibu: Isitoshe, amri ya Julai 2025 inawakataza wasio raia kuendesha saluni, isipokuwa hotelini au kwa utalii. Nakusihi usilipie pango.

Swali: Na nikiajiriwa?

Jibu: Mwajiri ndiye huomba kibali, akithibitisha kwamba amemkosa Mtanzania mwenye ujuzi huo.