Tupeane uzoefu: uliyecheza au kufuata timu ndogo ya mpira hapa Lubumbashi

Mutoto wa Reli
Tumemaliza matanga ya baba. Jana nimefungua sanduku lake la bati, lile lililokaa chini ya kitanda miaka yote, na chini kabisa ya karatasi za kazi nikakuta skafu ya njano na buluu imekunjwa mara nne. Saint-Éloi Lupopo. Baba alikuwa mtu wa reli, na timu ile ilizaliwa 1939 mikononi mwa watu wa reli, ndiyo maana hadi leo wanaitwa Cheminots. Mtakatifu mwenyewe, Éloi, ni msimamizi wa mafundi chuma. Baba alikuwa akisema, "Sisi tunatengeneza njia, wao wanakimbia."

Nimekaa na ile skafu saa nzima. Sasa kuna jambo lingine: mdogo wangu ana miaka 17, ameitwa na timu moja ndogo ya hapa mjini na wanataka asaini wiki ijayo. Mama amenigeukia mimi sasa, na mimi sijui kitu. Waliopita huko kwenye timu ndogo, tupeane uzoefu. Mazuri na mabaya.

Njano ya Kenya
Pole sana na msiba, ndugu, toka hapa mtaani Kenya, Lubumbashi hiihii. Lakini Lupopo na "timu ndogo" visikae kwenye ukurasa mmoja. Lupopo ina ubingwa wa Kongo mara 6: 1958, 1968, 1981, 1986, 1990, 2002.

Mutoto wa Reli
Sikusema Lupopo ni ndogo, soma tena. Timu inayomwita mdogo wangu ndiyo ndogo.

Kamalondo Damu
Mmekwisha kuanza. Kama ni kuhesabu, sisi Mazembe, wapinzani wenu wa mji huuhuu: ubingwa wa Afrika mara 5, yaani 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, na fainali ya klabu za dunia Abu Dhabi 2010. Mazembe ikiongea, wengine wanangojea zamu.

Njano ya Kenya
Ile fainali Inter ya Milano iliwapiga 3-0, hiyo mbona hukuihesabu?

Kamalondo Damu
Ufike kwanza ndipo upigwe.

Yaya Bibiche
Vijana, kuna mtu amefiwa hapa. Timu zenu zote mbili zilizaliwa mwaka mmoja, 1939, ni kama mapacha. Pelekeni ugomvi uwanjani. Mutoto wa Reli, pole, mimi yaya yako, dada yako mkubwa, nimekusoma.

Golikipa wa Pili
Nilikuwa sitaki kuandika, lakini hiyo miaka 17 imenigusa. Mimi nilisaini nikiwa na umri huohuo.

Timu sitaitaja, kwa sababu wengine waliokuwamo bado tunakutana sokoni. Tuliambiwa sisi ni wachezaji wa kulipwa. Karatasi niliisaini nimesimama, juu ya boneti ya gari, na nakala sikupewa. Katikati ya msimu tukaenda kucheza Kolwezi, kilomita kama 300 kutoka hapa. Kwenda kulikuwa kuzuri, tuliimba toka Likasi mpaka tunafika. Tukafungwa 2-1. Mimi nilikaa benchi.

Baada ya mechi, aliyeshika pesa akasema anakwenda kutafuta mafuta ya basi. Tukamngojea pembeni ya uwanja, mabegi miguuni, mpaka hatuonani nyuso. Dereva naye alikuwa anadai, akawasha gari akaenda zake. Tulikuwa 18.

Mlinzi wa shule moja akatuhurumia, akatufungulia darasa. Tukaunganisha madawati mawili mawili. Ilikuwa mwezi wa 7, na aliyekua Katanga anajua baridi ya mwezi wa 7 usiku. Tulivaa jezi zote za mkoba, nyingine bado zina jasho la mechi. Kapteni wetu alilala mlangoni ili upepo umpige yeye.

Asubuhi akapanga mipira 4 chini, akatuambia: "Batoto, hii njo tiketi yetu." Tukauza mipira 3. Haikutosha. Nikatoa glavu zangu. Glavu zile mama alininunulia kwa pesa ya makala, yaani mkaa, alikuwa anauza kwa vifungu kwenye kona yetu kule Katuba, kifungu kwa kifungu. Kijana aliyezinunua alizivaa palepale, akapiga makofi mara mbili kusikia zinavyolia. Mimi nikageuka nikaangalia ukuta.

Tukapata lori la magunia ya mahindi hadi Likasi, na toka hapo kila mtu na njia yake. Nilifika nyumbani siku ya tatu. Mama hakuuliza tumeshinda au tumeshindwa. Aliangalia mikono yangu, akaingia ndani, akaweka maji ya bukari, ugali wetu, motoni.

Msimu ule nililipwa mara 1.

Njano ya Kenya
Eh! Ndugu yangu.

Mwana Ruashi
Nimesoma mara mbili. Na ule mpira wa nne?

Golikipa wa Pili
Tulikuwa tunaucheza mbele ya shule tukingojea lori. Na batoto ya kule. Kapteni alikataa usiuzwe.

Nidhamu Kwanza
Pole, lakini ukweli usemwe. Mipira ni mali ya timu. Kila mchezaji mwenye njaa akiuza vifaa, timu itabaki na nini? Wangeweza kumpigia mtu simu.

Mwana Ruashi
Ampigie nani? Aliyekwenda kutafuta mafuta?

Nidhamu Kwanza
Nasema kanuni, sisemi kwa ubaya.

Yaya Bibiche
Kanuni ilale kwenye dawati mwezi wa 7 halafu irudi tuongee.

Golikipa wa Pili
Yaya, muache. Hata sisi tulijadiliana hivyohivyo asubuhi ile. Wawili kati yetu walikataa kabisa, wakaanza kutembea kwa miguu. Tuliwakuta barabarani, lori likawabeba.

Mweka Hazina wa Zamani
Niseme la upande wangu, maana kila hadithi ya timu ndogo mwizi ni kiongozi. Nilishika pesa ya timu moja ya EUFLU, ligi ya mpira ya mji wetu, misimu 3. Timu kama ile haina mgodi nyuma yake. Ina mlango wa uwanja, na mlangoni watu wanapita bure kwa sababu ni shemeji wa beki. Kinachoingia, waamuzi kwanza, kisha uwanja, kisha usafiri, kisha dawa ya aliyeumia. Mchezaji anakuja mwisho, na anayemtazama usoni ni mimi. Niliuza friji ya nyumba yangu ili vijana wasafiri. Mke wangu aliikumbuka ile friji kila siku ya joto. Yule wa Kolwezi simtetei, kukimbia ni kukimbia. Ila msituweke wote kwenye gunia moja.

Golikipa wa Pili
Baba, ungekuwa wewe, ungerudi na mafuta. Nakuamini.

Kamalondo Damu
Turudi kwa mdogo wake. Mimi nasema asisaini. Amalize shule kwanza, mpira utamngojea.

Njano ya Kenya
Mpira haumngojei mtu. Kwa miaka 17 anatakiwa awe uwanjani kila wiki. Asaini, na timu ndogo ndiyo nzuri, kwa sababu kwenye timu kubwa atabeba mabegi misimu mitatu.

Mwana Sheria wa Kampemba
Naomba nipite hapa taratibu, kazi yangu inagusa mikataba. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba ulioandikwa na anayepata zaidi ya gharama anazotumia kucheza. Vyote viwili. Kama hakuna karatasi, au anarudishiwa nauli tu, wasimwite wa kulipwa. Aliye chini ya miaka 18 hafungwi zaidi ya miaka 3, hata wakimwandikia 5. Na akikosa mishahara ya miezi 2 bila sababu, anaandika barua ya kudai, anawapa siku 15 kamili. Wasipolipa, ana haki ya kuvunja mkataba. Kwa hiyo: nakala mkononi siku hiyohiyo, na mzazi au mlezi awe pale. Aombe msimu mmoja.

Mwana Ruashi
Na FIFA iko Zurich. Sisi tuko Ruashi. Hiyo barua ya kudai utampelekea nani, kiongozi mwenye barua yako ya kuachiwa, ile ya kukuruhusu uhame timu, kwenye droo yake?

Mwana Sheria wa Kampemba
Ndiyo maana nimesema nakala. Aliye na karatasi anasikilizwa hata hapa. Asiye nayo hasikilizwi popote.

Golikipa wa Pili
Nakubali. Na kabla ya kupanda basi, aulize pesa ya kurudi iko wapi. Asiogope kuonekana hana adabu.

Nidhamu Kwanza
Hili tumekubaliana.

Mama wa Katuba
Wanangu, mimi sikucheza. Nilikuwa ninafua jezi za timu ya mtaa wetu, miaka mingi, kwa kipande cha sabuni na pesa kidogo wakipata. Jezi 16, nyeupe zenye kola nyekundu, na mnajua udongo wetu. Namba 4 ilikuja kila mara imepasuka bega la kulia. Namba 9 haikuchafuka, na mimi nilimwambia yule kijana mbele ya wenzake: mbona jezi yako inarudi safi? Jumapili iliyofuata ikaja nyekundu mpaka mgongoni, akanionyesha kwa mikono miwili kama mtu aliyeleta samaki. Timu ile ilikufa. Mimi bado ninayo namba 4.

Mutoto wa Reli
Aksanti wote. Mdogo wangu amekaa hapa pembeni, nimemsomea yote. Ile ya glavu alisimama akatoka nje, akarudi. Anasema atawaomba mkataba wa msimu mmoja na mimi nitakwenda naye, na akipewa jibu baya ataendelea na shule. Yeye ni winga wa kushoto, Mama, jezi yake inachafuka.

Mama wa Katuba, ile skafu ya baba ina vumbi la miaka na alama ya kutu ya sanduku. Nikiifua, buluu haitaingia kwenye njano?

Mama wa Katuba
Itaingia ukiwa na haraka. Maji baridi, iloweke peke yake. Usiisugue, ibonyeze tu. Maji yakigeuka buluu, mwaga, weka mengine, mpaka yabaki meupe. Usiikamue. Itandaze kivulini juu ya taulo, njano ikipigwa na jua inafifia. Alama ya kutu paka ndimu kidogo, lakini jaribu kwanza kwenye ncha. Na ukitaka kuiacha hivyohivyo, iache, mwanangu.

Kamalondo Damu
Ncha ya ndani, isiyoonekana. Pole na baba, ndugu.