Koinange Street: jina liondolewe ama liachwe?

Wadau, leo nimeskia tena ile hoja ya kwamba jina la Mzee Koinange litolewe kwa ile barabara ya tao Nairobi lipelekwe Kiambu kwa heshima zake, ati haifai jina la mzee mzima liwe utani wa usiku kwa sababu ya machangudoa wanaosimama pale, ukisema tu "jana nilikuwa Koinange" watu wanaangua kicheko na bibi nyumbani ameshanuna. Uchungu huo naelewa, jina la guka wangu, yaani babu, nisingetaka litajwe hivyo. Lakini kuliondoa napinga.

Kwanza kabla yake ilikuwa Sadler Street, ya yule Hayes Sadler aliyetawala hapa 1905 hadi 1909. Uhuru ulipokuja Delamere ikawa Kenyatta Avenue, Hardinge ikawa Kimathi, Sadler ikapewa Koinange. Wengi wanadhani ni Mbiyu Koinange yule waziri wa Kenyatta, hapana bana, ni babake, Koinange wa Mbiyu, Chifu Mkuu.

Na hapo kwa "chifu" ndio moto ulipo, sio kwa akina dada. Huyu mzee alikuwa mtu wa serikali ya mkoloni miaka na miaka, mshahara wake ulitoka kwa mzungu, halafu huyo huyo 1931 akapanda meli mpaka London kwenda kuwaambia wabunge wa Uingereza mambo ya mashamba yaliyochukuliwa. Hadi leo Kiambu wanasimulia vile kaburi la babu yake lilifukuliwa mbele ya tume ya ardhi ili mifupa iwe ndio ushahidi kwamba shamba ni lao. Hebu fikiria, hati ya shamba ni mifupa ya babu yako, na bado shamba hurudishiwi.

Halafu vita vya Mau Mau. Tarehe 7 Oktoba 1952 Chifu Waruhiu, chifu mwenzake, akapigwa risasi ndani ya gari mchana kweupe, na kufikia tarehe 20 Gavana Baring ameshatangaza emajensi, yaani hali ya hatari. Koinange akakamatwa kwa mauaji hayo pamoja na mwanawe, kesi haikumwangusha lakini nyumbani hakurudi, akatiwa kizuizini mzee kama yule na akakaa miaka, alipoachiliwa hakukaa sana, 1960 akafariki. Uhuru hakuuona. Aprili 1954 wakati jeshi lilizingira Nairobi ile Operesheni Anvil, watu wakipigishwa foleni mbele ya jamaa wa kuchongea waliofunikwa gunia kichwani, matundu mawili tu ya macho, akitikisa kichwa wewe umeenda, barabara yenyewe ilikuwa bado ni Sadler na Koinange alikuwa bado amefungiwa.

Sasa kuna wale wa upande mwingine wanasema chifu ni chifu, mbona yeye apewe barabara ya mabenki na waliokaa msituni wengi hawana hata kichochoro? Hiyo nakubali ni hoja, kuliko hii ya machangudoa. Maana hao wanawake hawakuliharibu jina, na wenye magari wanaopunguza mwendo pale saa sita usiku wakiteremsha kioo nusu mbona hatuwaulizi wao wanaharibu jina la nani? Na ukilitoa utaweka la nani, utafute shujaa gani umtupie hiyo kazi?

Kitu kimoja hunikera kila nikipita. Pale kona ya Kenyatta Avenue kuna mnara wa mawe wa Galton-Fenzi, mzungu aliyeendesha gari mpaka Mombasa 1926 wa kwanza kufanya hivyo, na mnara wake una masafa ya miji yameandikwa vizuri. Mimi nimetembea hiyo barabara kutoka pale hadi University Way, jina la Koinange nimeona kwa vibao vya barabara na anwani za ofisi, basi, hakuna mahali nimeona pameandikwa alikuwa nani. Dereva ana mnara, mfungwa ana kibao cha kona.

Kwa hivyo mimi nasema jina libaki na awekewe jiwe lake. Ila hapo kwa jiwe naomba mnisaidie, maana tulibishana na mzee mmoja kwa chai hadi chai ikapoa: mstari wa kwanza uandikwe Chifu Mkuu wa serikali ya mkoloni, ama mfungwa wa emajensi? Yeye alisema chifu, ndivyo watu walivyomwita. Mimi nilisema mfungwa. Nyinyi mngeandika gani?