MJADALA: Ni halali kumgeuza maiti wa kweli kuwa zimwi la riwaya?

Kurunzi_Mbovu: Wadau, riwaya hizi za kutisha za London ya zamani, za taa za gesi, ukungu na maiti wanaoamka juu ya meza ya madaktari, zina tabia ya kuokota watu waliokuwepo kweli. Chukua kesi ya "mtoto wa Kiitalia". Novemba 5, 1831, John Bishop na James May walipeleka maiti ya kijana chuo cha King's, kuiuza ipasuliwe katika masomo ya anatomia, yaani muundo wa mwili. Walitaka gini 12 (gini moja ni shilingi 21), wakashushwa hadi 9. Waitalia wa mjini wakasema huyu ni Carlo Ferrari, mtembeza panya weupe. Kabla ya kunyongwa kwa kumuua, Bishop akaungama kwamba ni kijana wa Lincolnshire. Sasa mwandishi anamwamsha mtu ambaye hata jina lake lina utata, anamfanya zimwi chini ya mwanga mweupe wa taa ya gesi. Ni sawa?

Fundi_Mitungi: Mweupe? 1831? Mkuu, ule weupe umekuja na Carl Auer, mkemia wa Austria, 1891. Kabla ya hapo gesi ya makaa ilitoka kwenye kitundu au mpasuko na kuwaka wazi: mwali wa njano, mpana kama bawa la popo, unayumba na kutia masizi darini. Auer alichovya kitambaa cha pamba kwenye chumvi za metali za toriamu na seriamu. Uzi ukiungua, unabaki wavu wa majivu unaong'aa. Ndicho kile kifuko cha karabai, ambacho ukikigusa kwa kidole tu kimekwisha.

Kurunzi_Mbovu: Nimeuliza maiti, umenijibu utambi.

Fundi_Mitungi: Karabai haina utambi. Ndiyo maana nakwambia.

Bi_Msharasi: Jamani, tuacheni taa. Kosa la kumtambua ndiyo riwaya yenyewe. May alimng'oa yule kijana meno kwa msharasi, akamuuzia tabibu wa meno kwa shilingi 12. Mdomo umepasuka, taya limebonyea, halafu unaletewa watu unawauliza: mnamjua? Binadamu huangalia nywele na kimo, basi, anaapa. Hapo mwandishi hahitaji uchawi.

Mjukuu_wa_Kuli: Si hawa ndio Burke na Hare, wafukua makaburi, waliua watu kama 30 hivi?

Bi_Msharasi: Kaka, umekosea mara tatu. Burke na Hare ni Edinburgh, 1828, waliua 16, mnunuzi wao Dk. Robert Knox, mwalimu wa anatomia. Na hawakufukua kaburi hata moja. Maiti yao ya kwanza ilikuwa ya mpangaji aliyejifia, wakapata pauni 7 na shilingi 10. Walipoona pesa ile ndipo wakaanza kuziba watu pumzi.

Mjukuu_wa_Kuli: Sawa mwalimu. Viboko vingapi?

Hakimu_Kiti: Wafukuaji wenyewe, waliotoa maiti makaburini na kuwauzia madaktari, walikuwa na ufundi. Hawakuchimba kaburi lote. Walichimba upande wa kichwa tu, wakavunja kifuniko, wakavuta kwa kamba. Sanda waliirudisha shimoni. Maiti kisheria haikuwa mali ya mtu, ila kuondoka na sanda ni wizi kamili. Mnalia jina la kijana limechezewa na mwandishi, mbona hamlilii Sheria ya Anatomia ya 1832? Iliwapa madaktari maiti wa maskini waliokufa kwenye nyumba za mafukara bila ndugu wa kuwadai. Hao nani aliwaandika majina?

Kurunzi_Mbovu: Kwa hiyo kwa kuwa serikali ilikosea, mwandishi naye ruksa?

Hakimu_Kiti: Sijasema hivyo. Soma taratibu.

Fundi_Mitungi: Na maiti ya King's ililetwa mchana. Chumba cha kupasulia kilitegemea madirisha ya juu, na kazi ilifanywa miezi ya baridi kwa sababu joto huozesha. Partridge, mwalimu wa anatomia, aliona mwili haujawahi kulazwa jenezani, akawaonyesha noti ya pauni 50, akajifanya anatafuta chenji mpaka polisi wakafika. Ukitaka gesi ikutishe, iweke nyumbani: taa mbili kwenye bomba moja, mtu akifungua ya chumba cha pili, mwali wako unanywea. Msomaji anajua hauko peke yako.

Bi_Msharasi: Hilo nakubali, linatisha kuliko zimwi.

Kurunzi_Mbovu: Nafuta neno "mweupe", mridhike. Lakini kijana nimwite nani? Nikiandika Carlo, nimewaamini mashahidi. Nikimwita mtoto wa Lincolnshire, nimemwamini muuaji.

Mjukuu_wa_Kuli: Muuaji alikuwa na sababu gani ya kudanganya? Kesho yake ananyongwa.

Hakimu_Kiti: Kijana wa Kiitalia ndiye aliyewatia watu hasira mjini. Muuaji naye huchagua alaaniwe kwa lipi. Na baada ya kamba, Bishop na Thomas Williams, mshirika wake katika mauaji, nao walipasuliwa.

Fundi_Mitungi: Bawa la popo ni mpasuko mmoja. Vitundu viwili vinavyogongana, huo ni mkia wa samaki. Msije mkachanganya.