MJADALA: Santuri ya kupinga vita iliyozikwa na walioiimba wenyewe, ina thamani gani leo?

Mtoa mada:
Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Nimekuwa nikisikiliza Songs for John Doe, albamu ya kundi la waimbaji wa Kimarekani, Almanac Singers, iliyotoka New York Mei 1941. Ni santuri tatu zile za mizunguko 78 kwa dakika. Pete Seeger alikuwa hajatimiza hata miaka 22 walipoirekodi, na pamoja naye walikuwa Lee Hays, Millard Lampell na Josh White.

Kwa asiyekijua kisa: Septemba 1940 Rais Roosevelt alitia saini sheria ya kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima, na Marekani yenyewe ilikuwa bado haijaingia Vita vya Pili vya Dunia. Oktoba 16 mwaka huohuo wanaume wa miaka 21 hadi 35 wakapanga foleni kujiandikisha. Hawa jamaa wakaipinga sheria kwa nyimbo, tena kwa kejeli hasa. Walikuwa karibu na Chama cha Kikomunisti, na wakati huo Moscow na Berlin walikuwa na mkataba wa kutoshambuliana, wa tangu Agosti 1939. Juni 22, 1941 Hitler akauvunja, akaivamia Urusi. Albamu ilikuwa imekaa madukani wiki chache tu. Ikaondolewa, nakala zilizobaki zikaharibiwa, na 1942 kundi lilelile likatoa Dear Mr. President: mheshimiwa rais, tulitofautiana, ila sasa tumpige Hitler.

Basi swali: wimbo wa kupinga serikali, ambao mwimbaji wake kageuka baada ya muda mfupi hivyo, unastahili kusikilizwa kama wimbo, au ni ushahidi wa aibu tu?

Mimi nasema unastahili. Wengi wanaouita propaganda hawajausikiliza. Chukueni Plow Under, wimbo mmoja wa albamu hiyo. Mwaka 1933 serikali iliwalipa wakulima wafukie mazao shambani na kuchinja nguruwe wachanga ili bei zipande, na watu wana njaa. Wimbo unauliza kama sasa imefika zamu ya kufukia vijana. Na hilo hawakulitoa Moscow! Seneta Burton Wheeler, ambaye hakuwa mkomunisti hata chembe, alilisema Januari 1941. Hasira ilikuwepo mitaani kabla ya chama kuitumia.

Mzee wa Santuri:
Mtoa mada, umeipaka rangi. Hiyo Januari unayoitaja London ilikuwa inapigwa mabomu, na Ufaransa ilishaanguka tangu Juni 1940. Katika Ballad of October 16 vijana wako wanamcheka Roosevelt na mkewe Eleanor, eti wote wawili wanachukia vita ila hatutakuwa salama mpaka kila mtu afe. Kejeli tamu, sikatai. Lakini kipigo chote kinamwangukia Roosevelt. Aliyekuwa akila nchi moja baada ya nyingine anapita pembeni salama salimini. Mimi siwalaumu kwa kuchukia vita, nawalaumu kwa kuchagua nani wa kumnyamazia.

Halafu angalia ufundi wenyewe. Tuni ya wimbo huo ni ya Jesse James, wimbo wa zamani ambao kila mtu anaujua. Ndiyo mbinu ya hawa watu: chukua tuni ya wananchi, weka maneno mapya. Uzuri wake unaukumbuka kwa kusikia mara moja. Ubaya wake, maneno yanabadilishwa usiku mmoja na gitaa wala halijui.

Mjukuu wa Askari:
Nawasoma nyote mnaongea kama vita hiyo ilikuwa ya Ulaya na Marekani peke yao. Miezi ileile wanarekodi New York, vijana wa KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika, kutoka kwetu walikuwa Somalia na Uhabeshi wakiwafukuza Waitaliano. Addis Ababa ilichukuliwa Aprili 1941, Haile Selassie akarudi mjini Mei, mwezi uleule albamu ilipotoka. Jamaa wa albamu hiyo wanasema hii ni vita ya kulinda milki ya Mwingereza. Kweli ilikuwa hivyo! Nani alituuliza sisi? Wengine baadaye walikamatwa wakapelekwa mashamba ya mkonge kwa nguvu. Lakini Mhabeshi aliyekuwa chini ya Mussolini tangu 1936 ungemwimbia wimbo huo angekutazama vipi? Kwa hiyo mimi naisikiliza nikiwa nimekunja uso mwanzo hadi mwisho. Wana haki nusu, na ile nusu nyingine inaua watu.

Chokochoko:
Hakuna anayemzungumzia Josh White. Jeshi la Marekani lilikuwa linawatenga watu weusi. Mtu mweusi akikataa kufia jeshi la namna hiyo hahitaji kutumwa na Stalin.

Mtoa mada:
Chokochoko, hapo umenena. Mzee wa Santuri, hoja ya kunyamaza ni nzito na siwezi kuiruka. Ila kosa kubwa zaidi kwangu ni lile la Juni: kuharibu santuri. Kama uliamini ulichoimba, kiache watu wakipime. Nao walidhani wamemaliza. Februari 1942 walipoimba redioni nchi nzima kumpinga Hitler, magazeti yakaifukua ile albamu na kazi zikaanza kuwaponyoka.

Seeger huyohuyo aliingia jeshini 1942. Na 1955, mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa inasaka wakomunisti, akakataa kueleza siasa zake wala alikoimba. Alihukumiwa kifungo 1961, rufaa ikamwokoa mwaka uliofuata. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita kasuku tu.

Mzee wa Santuri:
Ushujaa wa 1955 haulipi deni la 1941, mkuu. Piga albamu zote mbili mfululizo, kwanza John Doe, kisha Dear Mr. President, uniambie ipi inaimbwa na mtu anayeamini. Mimi nasema ya pili.

Mtoa mada:
Nimeshazipiga. Ya pili wanaimba kama watu wanaoomba msamaha. Nabaki na ya kwanza, pamoja na makosa yake yote. Mjukuu wa Askari, wewe ungechagua ipi?

Mjukuu wa Askari:
Hakuna. Naomba kwanza mniletee nyimbo walizoimba askari wa KAR wakienda Uhabeshi, ndipo nilinganishe.