Barua za Profesa Julian Huxley: mtu wa Kigoma azisomeje?

Mwalimu wa Ujiji
Salaam, ndugu zangu. Ninafundisha baiolojia hapa Ujiji, na kwa miaka mingi nimefuatilia habari za Profesa Julian Huxley, mwanabaiolojia Mwingereza, kaka wa mwandishi Aldous Huxley. Mwaka 1929 alizuru Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwemo, na mwaka 1946 akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO. Nyaraka zake zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, Marekani, na nauli ya huko sina. Natamani kusoma barua walizoandikiana ndugu hao wawili. Nianzie wapi?

Karani Mstaafu, Mwanga
Mwalimu, kumbuka kwamba barua hukaa kwa aliyeipokea. Katika masanduku ya Profesa tafuta barua za Aldous. Zile alizoandika Profesa zilikwenda kwa mdogo wake, ambaye nyumba yake ya Los Angeles iliteketea mwaka 1961 pamoja na sehemu kubwa ya karatasi zake. Huniuma kila nikiliwaza hilo. Ulizia nakala za kaboni, yaani zile ambazo mwandishi hubaki nazo kwa kuweka karatasi ya kaboni chini ya barua anapoipiga chapa. Marehemu baba yangu, aliyekuwa karani wa reli hapa Kigoma, hakupiga chapa barua bila kuweka kaboni chini yake, na leo barua zenyewe hazijulikani zilipo, lakini nakala zake, karatasi nyembamba zenye herufi za buluu zilizofifia, ninazo.

Mkutubi wa Tabora
Mzee Karani amesema kweli. Nami naongeza, Mwalimu, kwamba usiombe "barua za Huxley" kwa jumla, kwa sababu hakuna mhifadhi atakayeweza kukupekulia mkusanyo mzima. Soma kwanza orodha ya mkusanyo kwenye tovuti ya maktaba yao, unakili namba ya sanduku na ya jalada, kisha uandike ukitaja jina na mwaka, na uulize gharama ya kuskani kabla kazi haijaanza. Kumiliki karatasi si kumiliki maneno: hakimiliki ya barua ni ya aliyeiandika na warithi wake, hivyo ruhusa ya kusoma si ruhusa ya kuchapisha. Isitoshe, barua nyingi za Aldous, zikiwemo alizomwandikia Julian, zilichapishwa kitabuni mwaka 1969. Zisome hizo kwanza.

Mwalimu wa Ujiji
Nashukuru sana, nitaanza na kitabu hicho. Mzee Karani, shikamoo. Zile nakala za marehemu zimebanwa kwa pini za chuma? Kama zimebanwa, tafadhali zitoe kabla kutu haijatoboa karatasi, na sanduku lisikae sakafuni, maana mchwa wa huku unawajua. Ukiniruhusu, Jumamosi nitakuja tuziorodheshe pamoja, kwa mpangilio uleule aliouacha mwenyewe.