Mafundi na wauza dawa za mabwawa ya kuogelea, lini mtaanza kupima kalsiamu?

Wakuu, habari za leo. Naandika nikiwa na hasira na sitajaribu kuificha. Miezi saba nimewalipa watu wanaojiita wataalamu wa mabwawa, na katika miezi yote hiyo hakuna hata mmoja aliyepima kitu kilichokuwa kinaniharibia maji. Hata mmoja!

Nasimamia lodge ndogo huku Kigamboni. Bwawa letu si kubwa: mita 10 kwa 5, kina cha wastani mita moja na nusu, yaani lita 75,000. Maji tunavuta kisimani, na kisima kimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe kama visima vingi vya ukanda huu. Jumamosi asubuhi tunafundisha watoto kuogelea. Siku moja mama akaja na mwanawe, akanionyesha nyayo za mtoto. Zimechubuka, nyekundu. Nikaingia mwenyewe majini, nikapitisha kiganja kwenye ngazi za bwawa: msasa mtupu. Pembeni, pale maji yanapoishia kwenye vigae, kulikuwa na mstari mweupe mgumu, mnene kama ukucha, umezunguka bwawa zima.

Nikamwita fundi. Alitazama akiwa amesimama, hakuinama hata kugusa. "Bosi, hiyo ni chumvichumvi tu, maji yamekosa dawa." Akafungua pipa la klorini ya unga, akamwaga. Siku mbili baadaye maji yakaingia ukungu. Akarudi, safari hii na magadi soda kilo tano, akayamimina bila kupima pH, yaani kiwango cha uasidi wa maji. Jamani, nusu saa haikuisha bwawa likawa kama tui la nazi! Sakafu haionekani. Akasema huo ni uchafu unaopanda, akaleta shabu. Maji yakatulia wiki moja, kisha yakarudi vilevile. Akasema ni mwani, akaleta mrututu. Kila safari risiti, kila safari dawa mpya.

Mwezi wa tano geji ya filta ikawa inapanda kila baada ya siku mbili, pampu inalia. Tukafungua filta. Mchanga ulikuwa umegandamana mabonge kama zege, ikabidi kijana atumie tindo kuutoa. Mchanga mzima ukatupwa, tukanunua mwingine.

Siku hiyohiyo nikabandua kipande cha ule ukoko kwenye kigae, nikakidondosha kwenye glasi ya siki. Kikatoa povu na kuanza kuyeyuka. Ndipo nikakumbuka birika la nyumbani kwetu, lile lenye ukoko mweupe ndani kwa sababu ya maji ya kisima. Ni kitu kilekile! Ni chokaa. Darasani tulifundishwa maji magumu na maji laini, wote tulisoma. Fundi anayelipwa kwa kazi hii hakukumbuka, au hakutaka kukumbuka.

Nikaagiza kipimo cha ugumu wa kalsiamu. Kile wanachotembea nacho mafundi wetu kina vichupa viwili tu, kimoja cha klorini na kimoja cha pH. Hiki cha kalsiamu unachota maji kidogo, unatia dawa, yanakuwa ya waridi, halafu unadondosha tone moja moja huku unatikisa mpaka yageuke bluu. Changu, kila tone ni ppm 25, yaani miligramu 25 kwa lita. Nikaanza kuhesabu. Kumi, bado waridi. Ishirini, bado. Yaligeuka kwenye tone la 39. Karibu ppm 975! Kiwango kinachopendekezwa kwa bwawa la kawaida ni kati ya 200 na 400. Nikapima kisima: tone 19, yaani 475. Kwa hiyo hata siku ya kwanza tunalijaza, bwawa lilikuwa tayari limevuka.

Sasa sikilizeni kinachoniuma zaidi. Ile klorini ya unga ni kalsiamu haipokloraiti. Jina limeandikwa kwenye pipa, kalsiamu iko humohumo ndani. Kila ppm 10 ya klorini unayoweka kwa unga huo inaacha takribani ppm 7 ya ugumu wa kalsiamu. Klorini inatumika na kuisha, kalsiamu inabaki. Pigeni hesabu ya bwawa langu: kilo moja ya unga wa asilimia 65 inaongeza kama ppm 6. Pipa la kilo 45 linaongeza zaidi ya 250. Pipa moja! Na sisi tulimaliza zaidi ya mawili. Juu ya hapo, jua na upepo wa bahari vinapunguza maji karibu nusu sentimita kwa siku, lita 250 hivi. Maji yanapaa, kalsiamu haipai. Unajazia tena kwa maji ya kisima yenye 475, unakuwa umeongeza nyingine.

Yaani dawa niliyokuwa nauziwa kutibu ndiyo iliyokuwa inalisha ugonjwa. Klorini ya unga pia inapandisha pH, na pH ikifika nane na zaidi klorini yenyewe inapoteza nguvu nyingi, kwa hiyo fundi anaona mwani na kumwaga zaidi. Yale magadi soda ndiyo yaliyomalizia kabisa, maana ukiyatia kwenye maji yenye kalsiamu nyingi, chokaa inajitenga papo hapo. Lile tui halikuwa uchafu hata kidogo. Na maji yetu ya joto la nyuzi 30 yanazidisha mambo, kwa sababu chokaa hukaa vibaya kwenye maji ya moto kuliko ya baridi. Haya si mambo mapya. Mmarekani Wilfred Langelier alitoa hesabu ya kujua kama maji yatatema chokaa au yatakula saruji tangu mwaka 1936. Unahitaji pH, joto, alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe), kalsiamu na chumvi zilizoyeyuka, basi. Siombi mtu agundue kitu, naomba apime.

Fundi wa pili ndiye aliyenitisha. Alinishauri nimwage maji yote, nikwangue kwa asidi. Wiki ile masika imekolea, viwanja vimejaa maji, shimo la futi mbili tu linajaa lenyewe! Bwawa tupu kwenye ardhi iliyojaa maji linaweza kusukumwa juu kutoka chini, likapasuka au likanyanyuka kabisa. Hakuuliza maji ya ardhini yako wapi. Huyohuyo alikuwa anachota tembe za klorini na klorini ya unga kwa kopo lilelile. Ndugu zangu, hizo mbili zikichanganyika zinaweza kuwaka moto au kulipuka. Nilimwambia aweke kopo chini na aondoke.

Nilichofanya mwisho ni hiki. Hakuna dawa ya kumwaga inayoondoa kalsiamu kwa uhakika, kazi ni kubadilisha maji. Nikapima maji ya bomba yanayoletwa na maboza: tone 4 tu, ppm 100. Nikasubiri mvua ipungue, nikatoa theluthi moja ya bwawa, nikajaza kwa boza. Nikarudia mara ya pili na ya tatu, sikulikausha kabisa. Zimetumika boza nane za lita 10,000. Juzi nimepima: tone 15. Nimehamia klorini ya maji, isiyo na kalsiamu, pH naishusha kwa asidi kidogo kidogo mpaka 7.4, na ule ukoko unaanza kulegea kwa brashi. (Mliojaza kwa maji ya mvua pekee, ninyi angalieni upande wa pili: kalsiamu ikiwa chini sana maji yanaanza kula grauti na lipu.)

Msiniambie kipimo ni ghali. Changu nimekinunua kwa pesa pungufu ya nusu pipa la klorini, na kinapima mara nyingi. Nilizunguka maduka matatu ya dawa za mabwawa hapa mjini kabla ya kuagiza. Kwenye mawili muuzaji hakujua ninachoongelea. Kwenye la tatu aliniuliza, "Cha nini? Wateja hawaulizi." Mteja atauliza vipi kitu ambacho fundi wake mwenyewe hajawahi kukitaja? Mnatuuzia mapipa kwa mapipa, semeni basi mle ndani mna nini.

Kama kuna fundi hapa Dar anayepima kalsiamu na alkalini kabla ya kufungua pipa lolote, aandike hapa chini. Aje na kipimo chake, nami nitakuwa na changu, tupime maji yaleyale pamoja. Kazi ya kila mwezi ipo na ninalipa kwa wakati. Wale wa kutazama wakiwa wamesimama, msinipigie tena.